Dola 73,000 kwa sakafu ya drafti: mashine za kwanza za VR zililipiwa nini hasa?

Kuna aina ya video ambayo haiishi kuzunguka mitandaoni. Kijana wa miaka ya 1990 amesimama ndani ya duara la plastiki linalomfika kiunoni, kavaa kofia kubwa kuliko ya pikipiki, kashika kitu mfano wa bastola, anageuka huku na huku kama aliyepotea sokoni. Skrini ya pembeni inawaonyesha watazamaji kile anachokiona yeye: sakafu ya drafti, ngazi, nguzo za rangi moja moja, na mnyama wa kijani mwenye mabawa. Chini ya video maoni ni yale yale. Watu walilipia hiki? Kompyuta za zamani zilikuwa dhaifu, ndiyo maana. Na anayetaja bei ya mfumo mmoja, dola 73,000, huambiwa kaongeza sifuri.

Sifuri hazijaongezwa. Na hilo jibu la "kompyuta dhaifu" ni nusu ya ukweli tu, kwa sababu kompyuta zenye nguvu kubwa zaidi zilikuwepo miaka ile ile, na wanasayansi walikuwa wanazitumia. Tukiipiga hesabu polepole, kipande kwa kipande, bei ile inaeleweka, na ubaya wa picha zile unaeleweka pia.

Tukubaliane kwanza juu ya maneno. Uhalisia pepe, au VR kama wengi tunavyoiita, ni vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja: skrini mbili ndogo mbele ya macho, kifaa kinachopima kichwa kimeelekea wapi, na kompyuta inayochora upya ulimwengu kwa kufuata kipimo hicho. Ukigeuka kushoto, picha lazima isogee kulia kwa kiasi kile kile na papo hapo. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo vitatu, unabaki na televisheni uliyojifunga usoni.

Pikseli ni nukta moja ya rangi kwenye skrini. Fremu ni picha moja kamili. Sinema hupitisha fremu 24 kila sekunde. Poligoni ni kipande bapa chenye pembe, mara nyingi pembetatu au pembenne. Neno hili la mwisho ndilo la kushika, maana kompyuta haijui kuchora mtu wala mti. Inajua kupanga vipande bapa. Chukua karatasi ngumu za manila, kata, gundisha: boksi linataka vipande sita, nyumba yenye paa la mgongo inataka saba au nane, na mpira wenye duara la kuaminika unataka mamia. Tekscha ni picha inayobandikwa juu ya kipande, kama unavyofunga boksi kwa karatasi ya zawadi. Boksi linabaki na pande zake sita, ila sasa linaonekana la matofali au la mbao.

Ndani ya lile duara la plastiki

Mashine ya kwenye video nyingi za aina hiyo ni Virtuality ya mfululizo wa 1000. Ilitengenezwa Leicester, Uingereza, na kampuni ya W Industries iliyoongozwa na Jonathan Waldern, ikaonyeshwa London mwishoni mwa 1990. Ilikuwa ya namna mbili: 1000CS ya kusimama, na 1000SD ya kukaa, kwa michezo ya kuendesha magari na kurusha ndege. Mashine kadhaa ziliweza kuunganishwa ili watu hadi wanne wakutane ndani ya ulimwengu mmoja.

Moyo wake ulikuwa kompyuta ya Amiga 3000, yenye prosesa, yaani kipande kinachofanya hesabu zote, ya Motorola 68030 ya megahezi 25. Hapa ndipo unapozaliwa uzushi wa kwanza, kwamba picha zile ni za Amiga, kompyuta ya kuchezea gemu nyumbani. Amiga pale ilikuwa msimamizi wa kazi. Ilishika sheria za mchezo, sauti na mawasiliano na mashine za wenzake. Uchoraji ulifanywa na kadi mbili za ziada, kila jicho na kadi yake, na kila kadi ikiwa na prosesa ya michoro ya Texas Instruments aina ya TMS34020 pamoja na prosesa msaidizi ya kukokotoa desimali.

Kwa nguvu hizo zote, mashine iliweza kuchora hadi poligoni 30,000 hivi kwa sekunde, kwa kasi ya fremu 20. Gawanya 30,000 kwa 20. Unapata vipande 1,500 kwa kila picha, siku mambo yakienda vizuri kabisa.

Sasa jiweke mahali pa mbunifu wa Dactyl Nightmare, mchezo uliojulikana kuliko yote ya mashine hiyo. Umepewa vipande 1,500 vya manila. Ndani yake lazima zitoshe sakafu, ngazi, nguzo, miili ya wachezaji, silaha zao, risasi zinazoruka, na yule mnyama wa mabawa anayekuja kumnyakua mchezaji na kumwachia kutoka juu. Sakafu ya drafti ya nane kwa nane peke yake inakula vipande 64, kwa sababu hakuna tekscha na kila mraba ni kipande chake. Mtu angeshauri: weka sakafu ya rangi moja, kipande kimoja kinatosha. Jaribu basi kutembea kwenye sakafu hiyo ukiwa ndani ya kofia. Huna alama yoyote ya kukuonyesha kwamba umesogea, wala ukingo uko umbali gani. Miraba ile inayochekwa leo ilikuwa matumizi ya lazima ya bajeti ndogo, na kwa maoni yangu ni moja ya maamuzi mazuri zaidi ya ubunifu katika mashine ile.

"Mbona Sega waliweza?"

Swali hili ni zuri na linastahili jibu kamili. Mwaka 1992 Sega, kampuni ya michezo ya kompyuta ya Japani, ilitoa Virtua Racing kwa kumbi za michezo, mashine isiyo na kofia, iliyochora poligoni hadi 180,000 kwa sekunde kwa fremu 30. Hiyo ni vipande 6,000 kwa picha, mara nne ya Virtuality, na mchezaji wa kawaida aliilipia kwa sarafu.

Tofauti ya kwanza ni ya kiwandani. Sega ilibuni bodi yake yenyewe ikijua itauza mashine nyingi mno, na gharama ya ubunifu ikagawanyika kwa wingi huo. Mashine za mfululizo wa 1000 zilikuwa mia chache tu duniani, kwa hiyo kila moja ilibeba fungu zito la mishahara ya wahandisi.

Tofauti ya pili ni ya jicho. Virtua Racing inachora picha moja kwa skrini moja. Kofia inadai picha mbili zinazotofautiana kidogo, moja kwa kila jicho, na zote mbili lazima ziwe tayari kwa wakati mmoja.

Ya tatu ndiyo inayosahaulika. Kwenye mbio za magari, mbunifu anajua utatazama wapi: mbele, barabarani. Anaweza kurundika vipande vyake kwenye kona inayofuata na kuacha nyuma patupu. Aliyevaa kofia anaweza kugeuka muda wowote, akaangalia juu, akachungulia chini ya ngazi. Ulimwengu wote lazima uwe na bei nafuu ya kuchorwa kutoka kila upande, kwa sababu hakuna ajuaye shingo itaelekea wapi sekunde ijayo.

Kuchelewa

Wengi huamini kichefuchefu kilichowapata wachezaji kilitokana na picha mbaya. Picha mbaya inachosha macho. Kinachovuruga tumbo zaidi ni picha iliyochelewa.

Umewahi kutazama mechi kwenye king'amuzi huku jirani anaisikiliza redioni? Jirani anashangilia goli, na kwenye skrini yako mpira bado uko katikati ya uwanja. Ndani ya kofia, jirani huyo ni sikio lako la ndani, linalojua kichwa kimegeuka. Macho yanaletewa habari baadaye. Ubongo unapokea taarifa mbili zinazopingana, na mwili unaanza kutoa jasho na kutaka kutapika.

Wahandisi wa sasa hulenga ucheleweshaji usiozidi milisekunde 20 tangu kichwa kisogee hadi mwanga ufike jichoni. Kwa fremu 20 kwa sekunde, kuchora picha moja tu kunachukua milisekunde 50. Ongeza muda wa kipimo kufika kwenye kompyuta, hesabu za mchezo, kusubiri picha iliyotangulia imalize zamu yake, na uzito wa skrini za kioo kimiminika za wakati ule zilizobadilisha rangi polepole. Ni rahisi kufika milisekunde 100. Mtu akigeuza kichwa kwa mwendo wa kawaida, nyuzi (digrii) 100 kwa sekunde, basi kwa milisekunde 100 picha imekosea kwa nyuzi 10. Nyoosha mkono mbele na ukunje ngumi: upana wa ngumi hiyo ni karibu nyuzi 10. Ulimwengu mzima ulikuwa umesogea ngumi moja kutoka mahali pake, halafu unarudi ukisimama.

Upimaji wa kichwa nao ulikuwa na mambo yake. Virtuality ilitumia kifaa cha sumaku cha kampuni ya Polhemus. Koili inarusha uga wa sumaku, kipokezi kidogo kilichomo kwenye kofia kinaupima, na kutokana na kipimo hicho unajua kofia ilipo na ilivyoinama. Uzuri wake ni kwamba hakizibwi na mwili. Mchezaji akijigeuza au akiinama, kipimo kinaendelea. Ubaya wake unaufahamu kama umewahi kufungua dira ya simu ukiwa ndani ya gari na ikakuonyesha kaskazini isiyo ya kweli. Chuma kinapinda uga wa sumaku. Nondo za sakafu ya zege, miguu ya meza, mashine ya jirani yenye skrini ya kioo kizito, vyote vinavuruga kipimo, na kadiri kipokezi kinavyokuwa mbali na koili ndivyo kosa linavyokua. Dalili ni mbili. Ulimwengu ukitetemeka huku mchezaji ametulia, tafuta chanzo cha umeme au skrini iliyo karibu. Ulimwengu ukiwa umelala upande bila kutetemeka, tafuta chuma kisichosogea. Mashine ile ile inaweza kufanya kazi vizuri kwenye sakafu ya mbao na kuyumba ikihamishiwa ghorofani, na fundi akabadilisha kadi bure.

Kidole gumba

Skrini za kofia ya kwanza, iliyoitwa Visette, zilikuwa na pikseli 276 kwa 372 kila moja, yaani jumla 102,672. Namba hiyo peke yake haikuambii kitu, kwa hiyo tuitafsiri.

Lenzi hutandaza skrini ile ndogo ijaze macho. Tuwe wakarimu: tuchukue upande mrefu kuwa ndio upana, na tuseme umetandazwa kwa nyuzi 60 tu. Hiyo ni pikseli sita hivi kwa kila uzi. Jicho zima la binadamu linaweza kutenganisha karibu 60. Nyoosha mkono tena, safari hii usimamishe kidole gumba. Upana wake ni nyuzi mbili hivi. Ndani ya Visette, kila kilichoweza kufichwa nyuma ya kidole hicho kilichorwa kwa nukta 12 kutoka kushoto hadi kulia. Adui aliyesimama mita 10 mbele yako alikuwa na urefu wa nukta 60, na uso wake nukta nane. Kati ya nukta na nukta palikuwa na mistari myeusi iliyokuzwa na lenzi pamoja na nukta zenyewe, kama kutazama nje ukiwa ndani ya chandarua.

Hesabu hiyo hiyo inafichua jambo jingine. Macho yetu yametengana kwa sentimita sita na kidogo, na tofauti ya picha zake mbili ndiyo inayotupa kina. Kitu kilicho mita 1 mbele kinasogea nukta 22 hivi kati ya picha ya kushoto na ya kulia. Kikiwa mita 10, ni nukta mbili. Kikiwa mita 20, ni nukta moja, na mbele ya hapo hakuna tofauti yoyote ya kuonyesha. Kazi maradufu ya kuchora picha mbili ilileta kina cha kweli kwa vitu vya karibu na mkono, na kidogo sana kwa vya mbali.

Kwa hiyo hata kama kadi za michoro zingekuwa bora mara kumi, sehemu kubwa ya ubora huo ingeishia kwenye nukta 12 za kidole gumba.

Na kompyuta zenye nguvu?

Zilikuwepo. Kule California, kampuni ya VPL Research ya Jaron Lanier iliuza kofia iitwayo EyePhone kwa dola 9,400, glavu ya kupima vidole kwa dola 9,000, na kofia bora zaidi ya HRX kwa dola 49,000. Hizo ni bei za mavazi tu. Mfumo wake kamili, RB2, ulitumia kompyuta kubwa za michoro za kampuni ya Silicon Graphics, moja kwa kila jicho, na bei ikapita dola 200,000. Miaka michache baadaye, mwaka 1994, Disney iliweka kwenye bustani yake ya EPCOT huko Florida safari ya zulia la Aladdin iliyoendeshwa na mitambo ya Onyx ya kampuni hiyo hiyo ya Silicon Graphics, kwa fremu 60 kwa sekunde na tekscha kila mahali. Watu wapatao 45,000 waliijaribu. Disney iliweza kubeba gharama hiyo kama utafiti. Mwenye ukumbi wa michezo hawezi.

Ukilinganisha na dola 200,000, zile 73,000 za mfumo wa Virtuality wenye vituo zaidi ya kimoja zinaonekana kwa sura nyingine. Waldern na wenzake walikuwa wamebana kitu cha maabara hadi kikaingia kwenye duka la biashara, na walibana pale ambapo jicho lingesamehe.

Biashara bado ilikuwa ngumu. Mchezo uliuzwa dola 4 au 5 kwa dakika nne hivi. Kwa dola 5, kurudisha 73,000 kunahitaji michezo 14,600, yaani michezo 40 kila siku kwa mwaka mzima bila kupumzika, kabla hujalipa pango, umeme wala mtu. Na mtu ni lazima. Mashine ya sarafu inajisimamia yenyewe. Hii inataka mhudumu wa kumvisha mteja kofia, kukaza mkanda, kurekebisha lenzi, kumweleza kitufe cha kutembea na cha kufyatua, kuangalia nyaya zisimfunge, kisha kufuta jasho kabla ya mteja anayefuata. Hayo yanakula dakika mbili au tatu, karibu muda wa mchezo wenyewe, na dakika hizo hazilipwi. Kofia iliyokaa vibaya huharibu picha hata kama kila kitu kingine ni kizima, maana jicho likiwa pembeni ya kitovu cha lenzi linaona ukungu. Mteja anatoka anasema mashine mbovu.

Mfululizo wa 2000 wa Virtuality ulitoka 1994 ukiwa na tekscha, prosesa za Motorola 88110 na skrini za pikseli 756 kwa 244. Ulikuwa bora kweli, lakini nyumbani kwa watu mambo yalikuwa yamegeuka. Mwaka 1995 PlayStation iliuzwa Marekani kwa dola 299, na Sony ilitangaza uwezo wa poligoni 180,000 zenye tekscha kwa sekunde. Mwaka uliofuata kadi ya michoro ya Voodoo, ya kampuni ya 3dfx, ikaleta uwezo wa namna hiyo kwenye kompyuta za mezani, kwa bei hiyo hiyo. Kijana mwenye michoro mizuri sebuleni hakuona sababu ya kulipa dola 5 kwa michoro mibaya mjini. Virtuality ilifilisika 1997.

Hapa kuna kosa la mwisho la kulirekebisha. Watu hudhani michoro iliposhuka bei, VR nayo ilipaswa kushuka bei siku ile ile, kwa hiyo huuliza kwa nini tulisubiri miaka mingine 15. Michoro ilikuwa sehemu moja ya ankara. Skrini ndogo zenye nukta nyingi na vipimo vya mwendo vya bei ndogo havikuwa na soko kubwa la kuvishusha bei, hadi simu za mkononi zilipovihitaji kwa mamilioni. Kofia ya kwanza ya Oculus Rift, toleo la wasanidi, yaani waandishi wa programu, iliyoanza kutumwa 2013 kwa dola 300, ilijengwa kwa vipuri vya aina hiyo: skrini bapa moja ya pikseli 1280 kwa 800 iliyogawanywa kati ya macho mawili, na kipima mwendo cha jamii ile ile inayozungusha picha unapolaza simu.

Kila jicho lilipata pikseli 640 kwa upana, zikiwa zimetandazwa kwa nyuzi 90 hivi. Hiyo ni pikseli saba kwa uzi. Kidole gumba kilichobeba nukta 12 mwaka 1991 kilibeba nukta 14 mwaka 2013. Chandarua kilikuwa pale pale. Ila fremu sasa zilikuwa 60 kwa sekunde, na ukigeuza kichwa, ulimwengu ulibaki mahali pake.